Edgar Sengier, mzungu aliyeficha jiwe la Shinkolobwe kule New York

Wandugu wasomaji wa Rubaya, wa Bisie, wa Numbi, na nyinyi mama na watoto munaobaki hapa Goma mukingojea baba ateremuke na kamioni: kila mara radio inapotangaza kwamba mukubwa wa nchi moja yenye nguvu amemutishia mwenzake kwa bombe ya atomiki, watu wanatuulizaka swali lile lile. Hawa wakubwa wanatafuta nini? Wana pesa, wana majeshi, wana nchi kubwa kuliko yetu. Kwa nini wanachezea moto ambao utawaunguza hata wao?

Leo hatutajibu kwa siasa. Tutajibu kwa maisha ya mutu mumoja wa madini, aliyekufa zamani. Hakuwa jemadari wala rais. Alikuwa direkta wa sosiete. Lakini jiwe alilouza lilitoka katika udongo wa nchi yetu, lilichimbwa na mikono ya watu wetu, na njo lilifungua mashindano ambayo dunia inaogopa mupaka leo. Jina lake Edgar Sengier.

Enjenieri wa Courtrai

Edgar Sengier alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1879 katika muji wa Courtrai, Ubelgiji. Alisoma uenjenieri wa madini huko Louvain, akamaliza mwaka 1903. Miaka mitatu nyuma ya hapo, mwaka 1906, wazungu wenye mali wa Ubelgiji na Uingereza waliunda sosiete ya kuchimba shaba ya Katanga, wakaiita Union Minière du Haut-Katanga. Sengier aliingia kazi yake mwaka 1911, mwaka ule ule shaba ya kwanza iliyeyushwa Elisabethville, muji tunaouita leo Lubumbashi.

Alikuwa mutu wa hesabu. Hakupenda maneno mengi. Alipanda polepole, daraja kwa daraja, mupaka akawa direkta mukubwa wa sosiete yote. Kwa wafanyakazi wa Katanga, Union Minière ilikuwa zaidi ya mwajiri. Ilikuwa nyumba, posho, hospitali, masomo ya watoto, na fimbo pia. Mutu aliyesimamia sosiete ile alikuwa na nguvu sawa na ya gavana, na pengine kuitikiwa kuliko gavana.

Mwaka 1915, Mwingereza mumoja, Robert Sharp, aliyekuwa anatafutia sosiete madini, alifika pahali panapoitwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Akaokota mawe mazito yenye rangi za njano na kijani. Yalikuwa urani.

Siku zile urani yenyewe haikuwa na bei. Kitu kilichotafutwa ni radiumu, iliyofichama ndani ya jiwe lile, ambayo madaktari wa Ulaya waliitumia kuunguza kansa. Mbele ya Shinkolobwe, gramu moja ya radiumu iliuzwa zaidi ya dola 100,000. Munafahamu nyinyi wenyewe kitu kama hicho kinafanya nini na kichwa cha mutu. Kuanzia mwaka 1922, mawe ya Shinkolobwe yalisafirishwa mupaka Olen, Ubelgiji, kwenye fabrika ya sosiete, na Wabelgiji wakashika soko la dunia. Urani iliyobaki ilitumiwa kupaka rangi sahani na vioo. Ilikuwa sawa na makapi.

Mwaka 1937 kariere ikafungwa. Akiba ya mawe ilikuwa imetosha, soko limelala, na maji yakajaa ndani ya mashimo. Kama historia ingesimama pale, hakuna mutu angemukumbuka Sengier leo.

Neno la Mwingereza

Mwishoni mwa mwaka 1938, wenye elimu wawili wa Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann, waligundua kwamba kiini cha urani kikigongwa kinapasuka. Kikipasuka kinatoa nguvu kubwa, na vipande vyake vinaweza kugonga viini vingine, na vile vikapasua vingine tena, kama moto unavyoruka kutoka nyumba ya mbao mupaka nyumba ya jirani. Wenye elimu wa kila nchi walisoma habari ile na wakaelewa mara moja: hapa kuna bombe.

Mwezi wa Mei 1939, Sengier alikuwa London. Mwingereza mumoja mukubwa, Henry Tizard, aliyekuwa anashauri serikali mambo ya elimu na vita, alitaka kununua haki juu ya urani yote ya Kongo. Sengier alikataa. Lakini walipoagana, Tizard alimuonya kwamba alishika mukononi kitu ambacho kingeweza kuleta musiba kwa nchi yake na ya Waingereza pia, kikianguka kwa adui. Siku chache tu nyuma, wenye elimu wa Ufaransa, wakiongozwa na Frédéric Joliot-Curie, nao walimuendea kwa ajili ya mawe yale yale.

Hapa njo tunaanza kupata jibu la swali letu. Hakuna hata mumoja kati ya wale watu aliyesema kwamba anapenda kuua muji muzima. Kila mumoja alisema kwamba anaogopa mwenzake atatangulia. Mwezi wa Agosti mwaka ule, Albert Einstein alituma barua kwa rais Roosevelt wa Marekani kumwambia kwamba Wajerumani wanaweza kutengeneza bombe, na kwamba urani nzuri kuliko zote iko Kongo ya Wabelgiji. Einstein alikuwa mutu wa amani. Woga ulimushika hata yeye.

Sengier hakuwa mwenye elimu ya atomu, lakini alielewa bei ya kitu ambacho watu watatu wanakitafuta kwa siri. Vita ya Hitler ilipoanza, alihamia New York mwezi wa Oktoba 1939 na akaongoza sosiete kutoka huko. Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji, na mawe ya Kongo yaliyokuwa Olen yakaanguka mikononi mwao. Sengier hakungoja mutu amupe amri. Aliagiza mawe yote mazuri yaliyokuwa yamechimbwa tayari Katanga yapelekwe haraka kwenye bandari ya Lobito, Angola, na kutoka huko mupaka New York. Yalikuwa karibu tani 1,200. Yaliwekwa ndani ya mapipa ya chuma, yakafungiwa katika depo moja ya Staten Island, karibu na bahari. Yakalala pale karibu miaka miwili.

Nusu saa ndani ya biro

Mwanzoni mwa mwaka 1942, Sengier aliwaambia wakubwa wa serikali ya Marekani zaidi ya mara moja kwamba ana madini ya maana sana pale pale muji wa New York. Hawakumusikia. Wao walikuwa wanamuuliza habari za cobalt. Siri ya bombe ilikuwa imefichwa sana, hata wale waliozungumuza naye hawakuwa wanaijua.

Tarehe 18 Septemba 1942, kolonele mumoja wa Marekani, Kenneth Nichols, aliingia ndani ya biro ya Sengier. Sengier, aliyekuwa amechoshwa na wageni wa bure, alitaka kwanza kujua kama huyu ana ruhusa ya kununua ao amekuja kuongea tu. Alipohakikishiwa, aliuliza kama mawe ni ya kazi ya vita, halafu hakuuliza tena. Kwa nusu saa hivi walikubaliana: tani 1,200 za Staten Island, pamoja na tani 3,000 zilizokuwa juu ya ardhi kule Shinkolobwe. Kontra ya kwanza iliandikwa kwa mukono juu ya karatasi ya njano.

Nyinyi munaoenda kontwari munajua neno teneri. Mawe ya Staten Island yalikuwa na teneri ya asilimia 65. Nyuma ya vita, Wamarekani waliokuwa wanatafuta urani katika nchi yao walishangilia wakipata jiwe lenye tatu ya kumi ya asilimia moja. Sasa mupige hesabu. Hata makapi ya Shinkolobwe, yale yaliyotupwa kando, yalikuwa na asilimia 20. Hakuna shimo lingine kama lile lilijulikana duniani wakati ule.

Wamarekani walituma maenjenieri wa jeshi kutoa maji ndani ya mashimo. Viwanja vya ndege vya Elisabethville na Léopoldville vilipanuliwa. Wapelelezi waliletwa Kongo kuangalia ili hata mufuko mumoja usipite kwa Wajerumani. Na waliomba jina la Shinkolobwe lisitajwe.

Walioshika jiwe kwa mikono

Sengier alikuwa New York. Nani alikuwa Shinkolobwe? Wachimbaji wetu. Walichagua mawe kwa mikono, wakajaza mifuko, wakapakia mabehewa. Hakuna aliyewaelezea jiwe hili ni la nini. Hakuna aliyewaambia kwamba vumbi lake na hewa inayotoka ndani ya shimo la urani vinaharibu mapafu ya mutu kidogo kidogo, miaka nyuma ya kuacha kazi.

Na maisha yalikuwa ya taabu. Vita ilipandisha bei ya kila kitu, lakini mushahara wa Mwafrika ulibaki chini. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walisimamisha kazi Jadotville na Elisabethville wakiomba kuongezewa. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye kiwanja cha mupira Elisabethville. Askari wa leta walipiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa anasema kwa niaba ya wenzake. Hatusemi kwamba Sengier alitoa amri ile kutoka ng'ambo ya bahari. Tunasema kwamba sosiete aliyoiongoza ilijua kufunga kontra ya mamilioni kwa nusu saa, na wakati wafanyakazi wake walipoomba nyongeza kidogo, majibu yalikuwa risasi.

Tarehe 6 Agosti 1945 bombe ya urani ilianguka juu ya Hiroshima, Japani. Sehemu kubwa ya urani ile ilitoka Shinkolobwe. Siku tatu nyuma, Nagasaki nayo ikapigwa. Mupaka mwisho wa mwaka ule, watu karibu 140,000 walikufa Hiroshima na karibu 70,000 Nagasaki. Na Wajerumani walioogopwa sana? Kumbe hawakuwa karibu na kutengeneza bombe. Mwezi wa Aprili 1945, Wamarekani walikuta tani zaidi ya 1,000 za mawe ya Ubelgiji yamelala katika depo kule Stassfurt, Ujerumani. Mbio ile yote, mutu mumoja tu njo alikuwa anakimbia, akisikia nyuma yake nyayo ambazo hazikuwepo.

Bombe ikazaa mwenzake

Mwaka 1946 Marekani ilimupa Sengier medali kubwa ya heshima. Alikuwa raia wa kwanza asiye Mumarekani kuipokea. Alivishwa ndani ya biro ya jenerali Groves, bila kelele, kwa sababu mambo yalikuwa bado siri. Wenye elimu ya mawe walichukua jiwe moja la kijani la Katanga wakaliita sengierite. Hatujui jiwe hata moja lililopewa jina la muchimbaji.

Vita iliisha, lakini woga ulibadilisha tu adui. Stalin, mukubwa wa Urusi, aliona Marekani peke yake ina bombe, akasema moyoni kwamba asipokuwa nayo atakuwa mutumwa. Tarehe 29 Agosti 1949 Warusi walilipusha yao. Wamarekani nao wakaona kwamba sasa hawako salama tena, wakatafuta kubwa zaidi, na mwaka 1952 wakapata. Warusi wakafuata. Kila mumoja aliita bombe yake ya kujilinda, na ya mwenzake ya kushambulia. Miaka yote ile Shinkolobwe iliendelea kutoa urani, na Amerika iliendelea kununua. Sengier aliacha uongozi, akaenda kupumuzika.

Mbele ya uhuru wa mwaka 1960, mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa na kuzibwa kwa beto. Lakini woga juu ya madini ya Katanga haukuzibwa. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na Union Minière ikamulipa yeye kodi badala ya serikali ya Léopoldville. Patrice Lumumba alipokosa musaada wa kutosha kwa Umoja wa Mataifa, aliomba ndege za Warusi. Washington ilipoona ndege zile, haikumuona kiongozi anayetafuta kuunganisha nchi yake. Ilimuona Khrushchev anaingia Katanga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville. Wabelgiji na wenzetu wenyewe walikuwa na mukono ndani, na Marekani nayo ilikuwa imepanga kumuondoa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1962, dunia ilifika ukingoni. Khrushchev alipeleka roketi za atomiki Cuba. Kwa nini? Kwa sababu Marekani ilikuwa na roketi zake Uturuki, karibu na mulango wake. Kwa sababu alikuwa na bombe chache kuliko Wamarekani. Na kwa sababu aliogopa Cuba itavamiwa. Kennedy alifunga bahari kwa manowari. Kwa nini? Kwa sababu roketi zile zilikuwa karibu na mulango wake, na kwa sababu uchaguzi wa wabunge ulikuwa karibu na hakutaka aonekane mulegevu. Muangalie vizuri: sababu za hawa wawili ni sawa kama mapacha. Siku 13 watu walilala bila kujua kama watamuka. Waliokoka kwa sababu kila mukubwa alikubali kurudi nyuma kidogo: roketi za Cuba zikatoka waziwazi, na zile za Uturuki zikatoka kwa siri, ili Kennedy asipate haya.

Tarehe 25 Julai 1963, huko Moscow, wajumbe wa Marekani, Urusi na Uingereza waliweka alama zao chini ya mapatano ya kuacha kujaribu bombe hewani na majini. Siku iliyofuata, tarehe 26 Julai, Edgar Sengier alikufa Cannes, Ufaransa, mwenye miaka 83.

Sasa tujibu

Tumemuchagua mutu huyu kwa sababu maisha yake yanatuonyesha mambo manne yanayowasukuma wakubwa kwenye moto. La kwanza ni woga kwamba mwingine atatangulia. La pili ni siri, kwa sababu mutu asiyejua jirani yake ana nini, anafikiria mabaya zaidi. La tatu ni haya ya kuonekana mulegevu mbele ya watu wake. La ine ni kwamba wale wanaoamua wako mbali na wale watakaoumia. Chuki haimo mbele katika orodha hii. Watu wawili wanaweza kuuana bila kuchukiana, kama kila mumoja anaona mukono wa mwenzake ndani ya mufuko.

Sengier mwenyewe alikuwa mutu wa namna gani? Alisaidia kumushinda Hitler, na hilo si kitu kidogo. Aliona mbele kuliko serikali za wakati wake. Lakini aliuliza swali moja tu juu ya jiwe, halafu akanyamaza. Na wale waliolichimba hawakupewa hata nafasi ya kuuliza lile moja.

Mwaka 2004, wachimbaji wa mikono waliokuwa wamerudi Shinkolobwe kutafuta cobalt walifunikwa na udongo, na wengine walikufa pale, ingawa serikali ilikuwa imefunga kariere kwa amri mwanzoni mwa mwaka ule. Walikuwa wanatafuta chakula cha watoto, sawa na nyinyi.

Leo coltan na cassiterite ya Kivu vinaingia ndani ya telefone, ndani ya ndege, ndani ya silaha pia. Wakubwa wa dunia wameanza tena kuhesabu ni nani ana madini gani, na kila mumoja anasema anaogopa mwenzake atatangulia. Maneno hayo tumeyasikia zamani, London, mwezi wa Mei 1939. Njo maana tunawaomba, baba na mama: mutakapokaa ndani ya koperative yenu, pamoja na bei ya kilo, muulize pia mufuko unaenda wapi, unafanya kazi gani, na vumbi lake linafanya nini ndani ya kifua. Wazee wetu wa Shinkolobwe walinyimwa majibu hayo. Nyinyi muna haki ya kuyadai mbele ya mufuko haujashonwa.